Visima Thelathini na Kimoja

Mtaalamu wa ramani aliposhuka kwenye gari na masanduku yake mawili, Bi Kalamu alimtazama kuanzia utosini hadi unyayoni, akabetua midomo, akarudi kusahihisha madaftari. Alikwisha kuwaona wengi wa aina hiyo. Katika miaka ishirini na sita ya kufundisha biolojia shuleni pale walikuwa wamepita wataalamu tisa, na kila mmoja aliacha kitu kabatini mwa maabara: darubini ya umeme iliyopotea waya wake, moyo wa plastiki uliopotea nusu yake ya kushoto, projekta ambayo sasa ilikuwa nyumba ya mijusi. Huyu wa kumi alileta tableti.

"Tutaitoa sayansi darasani, itembee juu ya ramani," aliwaambia walimu kumi na mmoja wa sayansi, huku akitabasamu kama mtu anayepigwa picha.

"Ikichoka kutembea itakaa wapi?" aliuliza Bi Kalamu.

Walimu wakacheka. Walikuwa wanamwogopa, na kumchekea kulikuwa salama zaidi kuliko kunyamaza. Jina la Bi Kalamu alipewa na wanafunzi kwa ajili ya kalamu yake nyekundu, ambayo haikumwonea mtu haya. Aliwahi kuletewa kadi ya harusi, akaisahihisha makosa manne, akamrudishia bwana harusi.

Mtaalamu hakukata tamaa. Akaeleza kazi yenyewe: kila mwalimu angepewa mtaa mmoja, yeye na darasa lake wangepita visima vyote vya mtaa huo, wangechovya karatasi ya kupimia majini, wangetazama rangi, kisha wangeingiza majibu kwenye tableti. Karatasi ikiwa nyeupe, maji salama. Ikigeuka waridi iliyokolea, vyoo vinavujia kisimani. Ijumaa angekuja mhandisi wa maji, na kisima kitakachoonekana kibaya kuliko vyote kwenye ramani kingefungwa, na mtaa wake ungevutiwa bomba kabla ya mvua.

Hapo Bi Kalamu aliweka kalamu chini. Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, aliishi mtaa wa bondeni, hatua ishirini kutoka kisima kimoja kilichozungukwa na vyoo vya watu. Mjukuu wa dada huyo alikuwa amelazwa mara mbili mwaka huo kwa kuhara, na mara ya pili alirudi nyumbani macho yameingia ndani, mikono kama njiti. Bi Kalamu akaomba apewe mtaa wa bondeni, akapewa. Kisha akachukua daftari jingine, akaendelea kuchora alama nyekundu za makosa, kwa kuwa mengine yaliyobaki aliyaona ni porojo.

Porojo yenyewe ilikuwa hii: "Simameni kando ya kisima, ndipo mbonyeze 'Chukua mahali'. Tableti haijui kisima kiko wapi, inajua ilipo yenyewe tu." Mtaalamu aliisema mara tatu. Kijana wa Fizikia, mwalimu mgeni aliyevaa tai hata siku za joto, aliiandika na kuipigia mstari. Bi Kalamu alikuwa amefika daftari la thelathini.

Jioni ile alipita kwa dada yake.

"Ijumaa mhandisi anakuja," alimwambia. "Kisima chako nitamwonyesha kwa macho yake."

"Kweli, mdogo wangu?"

"Dada, mimi nimekudanganya lini?"

Dada akacheka, akamwita mjukuu aje amsalimie bibi yake mwalimu, maana bomba linakuja.

Wiki hiyo Kijana wa Fizikia alitia fora kwa kuchekesha. Alizunguka juani na darasa lake, tableti ameinua juu, akisimama kando ya kila kisima bila kutikisika kama anayesubiri kunyolewa. Siku moja alirudi nyuma ili asimame vizuri, akatumbukia mtaroni hadi magotini. Bi Kalamu aliisimulia hadithi hiyo chumba cha walimu mara nne, na kila mara mtaro ulizidi kina.

Yeye hakuona sababu ya kudhalilika. Aliwatuma wanafunzi wake na karatasi za kupimia na karatasi za kuandikia, wakatembea siku tatu. Walileta visima thelathini na kimoja, vimeandikwa kwa mwandiko safi: jina la kisima, jina la jirani, rangi ya maji. Cha kumi na nne kilikuwa kile cha dada yake. Mbele ya jina la kisima hicho kiranja wa darasa, msichana mpole mwenye kusema ukweli hata usipoulizwa, alikuwa ameandika: waridi iliyokolea sana, kuliko vyote.

"Mwalimu," kiranja alisema, "si tungeenda na tableti? Yule mtaalamu alisema..."

"Yule mtaalamu anakufundisha biolojia?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi kaa."

Alhamisi wakati wa chai, Bi Kalamu alijibwaga kwenye kiti chake cha kona, kile ambacho hakuna mwalimu mwingine aliyethubutu kukikalia, akaweka kikombe upande huu na karatasi upande ule, akaanza. Jina la kisima. Rangi. Chukua mahali. Tuma. Alama ya kijani ikatokea. Jina la kisima. Rangi. Chukua mahali. Tuma. Alama ya kijani. Kabla kengele haijalia alikuwa amemaliza vyote thelathini na kimoja, na chai ilikuwa bado ya moto.

"Na kuna watu wamezunguka wiki nzima," alisema kwa sauti ya kusikika. Kijana wa Fizikia, aliyekuwa akikwangua matope kwenye kiatu, aliendelea kukwangua. Karatasi za wanafunzi Bi Kalamu alizichana vipande vinne vinne, akatumia migongo yake kwa jaribio la ghafla la kidato cha pili.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Mkuu wa shule alikaa mbele na mhandisi wa maji, mwanamke mnene mwenye miwani aliyetazama saa yake mara kwa mara. Viranja wa madarasa walisimama ukutani. Mtaalamu hakuwa ameifungua ramani kabla ya siku hiyo, kwa kuwa alitaka watu wote waione inavyochanua kwa mara moja, akapigiwa makofi. Kweli ikachanua. Mtaa wa Kijana wa Fizikia ulitokea na nukta zake zimejipanga kando ya njia, kila moja mahali pake, mbili tatu za waridi hafifu. Mitaa mingine ikafuata, kwa aibu kidogo lakini ikafuata. Kisha mtaa wa bondeni: mweupe. Hauna kisima hata kimoja.

"Bi Mwalimu, wewe hukutuma?" aliuliza mtaalamu.

"Nilituma vyote jana," alisema Bi Kalamu, na sauti yake ilikuwa ya kumtoa mtu nishai.

Mtaalamu akatafuta. Akaipandisha ramani, akaishusha, mpaka akaikuta shule yenyewe, na katikati ya shule nukta moja nene, nyekundu, kama chunusi. Akaivuta karibu. Zilikuwa nukta thelathini na moja zilizolaliana, zote ndani ya chumba cha walimu, zote kwenye kona moja.

Mhandisi akasema, bila hata kutabasamu, "Kwa ramani hii, maji machafu kuliko yote mjini yako kwenye kiti cha mtu."

Walicheka. Wale waliomchekea miaka yote kwa woga, safari hii walicheka kwa raha zao. Mkuu wa shule tu ndiye aliyekunja uso, akawageukia viranja.

"Watoto hawa hawakwenda popote! Wamekaa wakatunga. Nani kiongozi wao?"

Kiranja alipiga hatua moja mbele, akainamisha kichwa. Yeye asiyejua kunyamaza alinyamaza, na Bi Kalamu alijua anamnyamazia nani. Alitamani sana, na aibu hiyo hakuwahi kuisahau, kuacha mambo yaishie hapo.

"Walikwenda," alisema. "Walitembea siku tatu. Aliyekaa ni mimi."

"Karatasi zao ziko wapi?" aliuliza mhandisi.

"Nilizichana."

Kijana wa Fizikia alitazama viatu vyake. Laiti angecheka, Bi Kalamu angekuwa na mtu wa kumchukia.

"Kisima ninakijua," Bi Kalamu aliharakisha. "Cha kumi na nne kwenye orodha yao. Twende sasa hivi nikuonyeshe. Dada yangu anachota pale, mjukuu wake amelazwa mara mbili."

Mhandisi alikuwa ameshaanza kufunga mkoba wake. "Mwalimu," alisema, na hakusema kwa ukali, "kila mtu ana dada. Ofisi yangu imejaa watu wenye dada. Ndiyo maana tukaomba ramani." Bomba lilikwenda mtaa wa Kijana wa Fizikia, wenye waridi hafifu, kwa kuwa mitaani ramani haikuonyesha kisima kibaya zaidi. Mhandisi aliahidi kutazama mitaa mingine mwaka ujao, akaondoka.

Bi Kalamu alishuka bondeni na tableti kwapani. Dada yake alikuwa kisimani, anamalizia kujaza ndoo, na mjukuu ameshika ukingo wa kanga yake.

"Mdogo wangu! Mhandisi amesemaje?"

Bi Kalamu alifungua tableti. Alisimama ukingoni mwa kisima, akaweka miguu sawa, akainua tableti mbele ya uso wake, vilevile alivyokuwa amesimama yule kijana wa tai. Kwenye kioo duara kubwa la bluu la kutafuta mahali likahangaika, likasinyaa, likatulia. Akaandika jina la kisima. Akaandika rangi. Akabonyeza. Nukta ikaketi juu ya kisima cha dada yake, barabara kabisa, na chini yake yakatokea maandishi kwamba muda wa kupokea taarifa umekwisha.

Dada alikuwa amesogea, akichungulia begani kwake. Alifurahi kuona kisima chake kwenye kioo.

"Kumbe ndiyo kazi yenyewe?" alisema. "Kuja kusimama hapa, unabonyeza mara moja?"

"Mara moja tu, dada," alisema Bi Kalamu.

Dada akajitwisha ndoo, akamshika mjukuu mkono, akamwambia wapande nyumbani akamtilie maji ya kunywa.