Mtu wa Mia

Hebu nikuulize wewe unayesoma: mwanamke akifika kiwandani saa moja asubuhi, akavaa koti lake la buluu, akaketi mbele ya meza isiyo na kitu mpaka saa kumi jioni, na mwisho wa mwezi akalipwa, utasema ana kazi au hana?

Hedia hakujua. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameshona mifuko ya nyuma ya suruali za jinzi katika kiwanda kimoja karibu na Moknine. Alishona mfuko wa kulia tu, kwa kuwa wa kushoto ulikuwa wa Wassila, aliyekaa ubavuni pake. Kisha wenye kiwanda, watu wa ng'ambo, wakatangaza kwamba wanafunga na kuhamia nchi nyingine. Wanawake wakakaa mbele ya geti siku arobaini, wakipika supu ya chorba pale pale kando ya barabara, mpaka waziri akaja kutoka Tunis. Akajifungia ofisini na mabwana wale mchana kutwa. Alipotoka alisema wameelewana: kampuni itasamehewa kodi miaka kumi, nayo itabakiza watu mia. Siku hiyo vigelegele vilisikika mpaka sokoni.

Wiki ya tatu yakaja makontena, yakabeba mashine zote.

Bwana Mongi, msemaji wa chama chao cha wafanyakazi, alikimbilia mkataba. Aliusoma mara mbili, akavua miwani, akaifuta, akausoma tena. Mkataba ulitaja watu mia. Mashine haukuzitaja. Nani angefikiri kuandika kwamba kiwanda cha kushona kiwe na cherehani? Na palikuwa na mstari mwingine: siku watu wakipungua mia kwa kuondoka wenyewe, makubaliano yamekwisha na kampuni iko huru.

Basi wakaketi. Msimamizi, Bi Radhia, alikataza kufuma masweta, akisema sindano za nyumbani hazimo kwenye bima. Kuzungumza waliruhusiwa, na kutafuna mbegu za alizeti, mradi waokote maganda. Kwenye meza ya Hedia yalibaki matundu manne ya skrubu, na kila asubuhi aliyapangusa vumbi kwa pindo la koti asijue anampangusia nani. Katikati ya mazungumzo alivikuta vidole vyake vikikunja pembe ya mfuko ambao haupo.

Mtaani walimpongeza. Jirani yake muuza mayai alimwambia, "Wewe umepata, Hedia. Unalipwa kwa kukalia makalio yako. Ukimwona waziri, mwambie na mimi ninayo." Hedia alicheka sana, akaingia ndani, akavua viatu, na hapo ndipo alipogundua kwamba amekasirika. Amemkasirikia nani, hakuweza kusema.

Ndipo wifi yake Neziha, anayeshona magauni ya maharusi huko Ksar Hellal, alipomletea habari. Fundi wake mmoja anaacha kazi, mashine iko wazi, Hedia aanze tarehe mosi. Hedia alisema ndiyo kabla wifi hajamaliza. Usiku huo alilala kama mtoto. Asubuhi alipoingia kiwandani akawatazama wenzake wanavyoketi, akakumbuka kwamba wako mia kamili.

Alimwambia Wassila kwa sauti ndogo. Wassila alikuwa na watoto watatu na mume aliyevuka kwenda Italia akanyamaza huko huko.

"Nenda," alisema Wassila, akichagua mbegu moja kiganjani. "Sisi tisini na tisa tutakuombea dua."

"Usiseme hivyo, dada."

"Nisemeje? Mimi nikitoka hapa nakwenda wapi? Wifi yako ana mashine ngapi?"

Hedia akamwambia basi, haendi. Jioni wifi alipopiga simu akamwambia anakuja. Bwana Mongi alipomvuta pembeni akamwambia ataona. Bwana Mongi akamkumbusha zile siku arobaini, baridi na mvua, kwamba hiki ndicho walichokipigania. Hedia akamuuliza, kweli ni hiki? Mzee wa watu akasema ana kikao.

Siku tatu kabla ya tarehe mosi walitangaziwa kwamba waziri anakuja na watu wa televisheni kuadhimisha mwaka mmoja wa makubaliano. Lori likateremsha mashine arobaini za kukodi, zikapangwa safu za mbele, na vitambaa juu yake. Bi Radhia akampa kila mmoja jibu: ukiulizwa, sema tunashukuru, kazi ipo. Hedia aliwekwa safu ya kwanza, maana ana sura ya upole.

Siku ya ziara waziri aliingia akitabasamu kulia na kushoto. Hedia hakumwona. Mbele yake palikuwa na mashine, na mikono ilishatangulia: imepitisha uzi, imeuingiza kwenye tundu la sindano, imeteremsha mguu wa chuma juu ya kitambaa. Akakanyaga pedali. Kimya. Akakanyaga tena, akainama kutazama chini ya meza. Waya ulikuwa umeviringwa vizuri, umefungwa kwa kamba, haukufika popote.

Alipoinuka, waziri alikuwa amesimama mbele yake, na kamera begani mwa kijana nyuma yake.

"Kazi inaendeleaje, mama?"

"Tunashukuru," alisema Hedia. Akamwona Wassila akimkazia macho. Akamwona Bi Radhia akitikisa kichwa kumsifu. Waziri alikuwa ameshageuka nusu kwenda meza ya pili.

"Mheshimiwa, ngoja. Mimi nilitaka kushona. Tulipokaa pale getini, wenzangu sijui, ila mimi nilitaka kushona, na sikusema kwa sababu nilidhani kubaki kazini ndiyo hiyo hiyo. Mwambie mtu auchomeke huu waya. Kama hakuna umeme wa mashine hizi, basi kabla hujaondoka badilisha ile karatasi ya mkataba, uandike watu tisini na tisa, wenzangu wabaki na chao, mimi nikashone."