Maziwa ya Rafu ya Chini

"Nani amegusa boksi langu la maziwa ya unga, lile la rafu ya chini?"

Mtunza ghala aliuliza kwa sauti ya kawaida tu, lakini Mama Mizani, aliyekuwa anapima vitunguu vya mteja, alijikuta anasoma uzito uleule mara mbili. Boksi alilichukua yeye. Saa sita mchana alikuwa amemkabidhi shangazi yake kwenye geti la nyuma, ndani ya mfuko, pamoja na mikate miwili, na sasa ilikuwa saa tisa.

Rafu ya chini ndiyo kaburi la duka lile kubwa. Bidhaa ikipitwa na tarehe kwa siku moja, au kopo likibonyea kidogo tu, hushushwa pale kusubiri lori la taka, na mfanyakazi akiokota hata biskuti anafukuzwa kazi. Mama Mizani alikuwa akiokota mwaka mzima. Watu wanajaza vikapu vitu wasivyovihitaji, duka linatupa walivyoviacha, na moyo wake ulikataa katakata kuona chakula kizima kinakwenda jalalani. Aliyemtia ujasiri ni Shangazi. Mama yule hatupi kitu: kopo kwake ni kikombe, gauni kuukuu ni pazia, na simu yake huizima mchana kutwa ili chaji isiishe. Jengo zima wanaloishi alikuwa amelifundisha kwamba tarehe za kwenye pakiti ni ujanja wa wenye maduka.

"Kwani lina nini?" Mama Mizani aliuliza, akijikaza.

Mtunza ghala alisogea karibu. "Nimechanganya sumu ya panya humo. Maziwa yalishapita tarehe, nikaona yasiende bure. Nikalifunga upya kwa selotepu, jioni nitege."

Selotepu aliiona. Alidhani ni boksi lililofunguliwa na mteja likarudishwa.

"Nimelichukua mimi, kaka. Liko nyumbani. Shangazi anagawia majirani."

Mwanamume yule alipauka. Hakupiga kelele. Alitoa ufunguo wa pikipiki mfukoni, wakatoka mbio kwa mlango wa nyuma, mteja akabaki anavikodolea macho vitunguu vyake. Simu ya Shangazi, bila shaka, haikupatikana.

"Tukifika tuseme yameharibika," mtunza ghala alisema huku akipenya katikati ya magari. "Sumu usiitaje. Kuiweka kwenye boksi la chakula ni kosa, na mimi nina familia."

"Sawa," alijibu, maana naye alikuwa na kazi ya kuilinda. Hofu zake zilikuwa mbili, ya watu kufa na ya kufukuzwa, na mpaka leo anaona aibu kwamba kwa dakika chache zilikuwa na uzito mmoja.

Walimkuta Shangazi kwenye ngazi, analikunja vizuri boksi tupu. "Nimefunga vifuko sita, vitano nimeshagawa," alisema. "Chetu nimekiweka kabatini."

"Umeonja?"

"Mimi nianze kabla ya watu?"

Mlango wa kwanza ulikuwa wa fundi cherehani. Mama Mizani alimwambia maziwa yameharibika, ayarudishe. Fundi akacheka. "Yameharibika, au yamepita tarehe? Shangazi mwenyewe anatuambia tusibabaishwe." Nyuma yake maji yalikuwa yanachemka, kifuko kimeshafunguliwa, na kijiko anacho mkononi. Mtunza ghala alikohoa. Mama Mizani alikitazama kile kijiko, akaona hakuna njia nyingine.

"Ni sumu," alisema. "Sumu ya panya. Nimeyaiba kazini bila kujua. Usiyaguse."

Fundi aliacha kucheka.

Kuanzia hapo hawakubisha hodi kwa adabu tena. Walipiga milango kwa ngumi, yeye upande huu, mtunza ghala upande ule, na kila mlango ulipofunguliwa alimsikia mwenzake akisema mwenyewe kwamba sumu ni yake. Wawili walikuwa hawajavifungua vifuko. Wa nne alishakoroga na kumimina vikombeni, anasubiri yapoe. Mama Mizani alivimwaga kwa pupa hata akalowa kifuani.

Ulibaki mlango wa juu kabisa, wa mke wa fundi viatu, mwenye mtoto wa miezi minane. Ulikuwa umefungwa. Walikuwa wamehamia juzijuzi tu, na hakuna aliyekuwa na namba yao.

"Ametoka kwa haraka, mtoto mgongoni," jirani alisema. "Hata salamu yangu hakuisikia."

Shangazi aliketi kwenye ngazi. "Nilimwambia mimi mwenyewe akoroge mazito," alisema. "Nikamwambia mtoto amekonda."

Kila mlio wa viatu chini uliwainua wote watatu, na kila mara alikuwa mtu mwingine. Mama Mizani alijaribu kuomba dua, maneno yakampotea. Saa nzima ilipita hivyo.

Hatimaye mke wa fundi viatu alipanda, pole pole, anahema. Mtoto alikuwa mgongoni, kichwa kimelala upande, amefumba macho. Mtunza ghala aligeukia ukutani.

"Mtoto amekunywa yale maziwa?" Mama Mizani aliuliza.

Yule mama alimtazama Shangazi, kisha akainamisha uso. "Amelala tu, ametoka kuchomwa chanjo. Maziwa..." Alisita. "Shangazi, usinikasirikie. Niliyamwaga chooni ulipogeuka tu. Huwa natupa kila unachoniletea. Naviogopa, na naona haya kukukatalia."

Shangazi, ambaye aliwahi kumnunia fundi cherehani wiki nzima kwa sababu ya kipande cha mkate alichokitupa, alishika reli ya ngazi akasimama.

"Kila kitu?"

"Kila kitu, Shangazi."

Shangazi aliuchukua mkono wa yule mama kijana, mwenye umri wa mjukuu wake, akauinamia na kuubusu. "Ahsante, mwanangu," alisema, machozi yakimtiririka. "Ahsante kwa kutupa."