Kuku Wanaoomba Samahani

Jumamosi saa moja asubuhi, Karani alikuwa amechuchumaa nyuma ya nyumba akimimina pumba kwenye sahani ya kuku, mtetea mwekundu akapiga chafya. Akakohoa mara mbili, akatikisa kichwa, akasema, "Samahani, mwanangu."

Karani aliendelea kumimina pumba. Sauti aliijua. Ilikuwa ya mama yake mzazi, na hilo ndilo lililomkera, si kwamba kuku amesema.

Mama huyo aliishi hatua nne kutoka pale, katika stoo iliyoegemea banda la kuku. Alihamishiwa humo baada ya Karani kupandishwa cheo na wenzake wa ofisini kuja kumpongeza. Mkuu wa idara anahutubia, Mama anakohoa. Mkuu ananyamaza, Mama anasema samahani. Mkuu anaanza tena, Mama naye tena. Jamani! Wageni walicheka, Karani akacheka nao huku akitamani ardhi ipasuke. Kesho yake kitanda kikahamishwa. "Wiki moja tu, mama, mpaka kifua kitulie." Miezi minane hiyo, kwenye chumba kisicho na dirisha, pamoja na mifuko miwili ya saruji na baiskeli mbovu.

Siku chache kabla ya Jumamosi hiyo, kikohozi cha Mama kilikoma ghafla. Karani alimshukuru Mungu bila kuuliza kimekwenda wapi. Kumbe kilikuwa kimepita ukutani. Mama hakuwahi kupenda kumsumbua mtu.

Kufikia Jumatatu kuku wote sita walikuwa wanakohoa na kuomba radhi. Jirani alichungulia juu ya ua. "Shoga, kuku wako wana adabu kuliko wanangu!" Mume wa Karani hakucheka. "Ita bwana mifugo," alisema. "Watu wataanza kuulizauliza."

Bwana Mifugo alikuja na pikipiki. Alimshika yule mwekundu, akamfungua mdomo, akambinya pua kidogo, akaweka sikio mgongoni.

"Samahani, baba," kuku akasema.

"Bila samahani, mama." Akamweka chini taratibu. "Mafua mepesi haya, dada. Uso haujavimba, macho yapo wazi, anakula. Usikimbilie dawa. Shida ni banda. Umewafungia kama mizigo, maranda yamelowa, harufu inachoma mpaka mimi machozi yananitoka. Mgonjwa wa kifua unamfungia hivi kweli? Toboa dirisha. Badilisha maranda, maji safi kila siku, na huyu mwekundu mtenge, umweke ndani penye joto. Wakianza kuhema kwa shida, niite."

Kisha akautazama mlango wa pili. "Na humu anakaa nani?"

"Stoo tu," Karani akasema.

Ndani ya stoo, kijiko kilichokuwa kinagonga sahani kikanyamaza. Bwana Mifugo aliandika "stoo" kwenye daftari lake. Aibu ilimpanda Karani kutoka miguuni mpaka shingoni, na bado hakusahihisha.

Fundi aliitwa siku hiyohiyo. Akatoboa ukuta wa banda, akaweka dirisha zuri la wavu. Mtetea mwekundu alitandikiwa boksi sebuleni, pale kilipokuwa kiti cha Mama. Karani alimpashia maji na kumfuta pua kwa pamba.

"Asante, mwanangu. Unajichosha bure," kuku alimwambia kila alipofutwa.

Karani alilia sana, tena kwa sauti. Ungedhani basi atatoka atembee zile hatua nne. Alitoka kweli, akafika mpaka mlangoni pa stoo, mkono ukagusa komeo. Akakumbuka kwamba Jumapili mkuu wa idara atakuja na mkewe. Akarudi ndani kumalizia pamba.

Baada ya wiki kuku walipona, na kikohozi kikarudi kwa mwenyewe. Jioni Karani alipompelekea Mama chakula, alimkuta amekaa pembeni mwa kitanda, na kitanda kimesogezwa katikati ya chumba.

"Kuku wamepona?" Mama aliuliza.

"Wamepona, mama."

"Afadhali." Akakohoa, akasubiri kitulie. "Nilisikia fundi anatoboa ukuta, nikadhani ni huku. Nikakivuta kitanda ili vumbi lisiingie kwenye shuka."

Karani aliweka sahani juu ya mifuko ya saruji.

"Sasa nilitaka kukuomba kitu, kama si usumbufu," Mama akaendelea. "Hizi siku za joto, niwe nalala kule kwa kuku. Mimi sichukui nafasi kubwa."

Karani alifungua mdomo aseme neno analopaswa kusema, na lilikuwepo, tayari kabisa.

"Haya, mama," akasema, akachukua mto, akamtangulia bandani. Kuku walikuwa wameshasogea upande mmoja kumpisha.