Aliyepekua Karatasi za Zulbahri

Jumatatu, Zulbahri aliporudi kutoka sokoni, alijua papo hapo kwamba karatasi zake zimeguswa. Rundo lilikuwa pale pale mezani, na jiwe juu yake. Lakini yeye huliweka jiwe katikati, na sasa lilikuwa limekaa pembeni.

Miaka arobaini na miwili ya kuzurura ilikuwa imemfundisha kutomwamini mtu. Aliosha vyombo Rotterdam, akafundisha Hobart, akapanga chumba Istanbul juu ya duka la fundi viatu, na huko kote aliandika: riwaya tisa, nyingine zikauzwa kwa lugha asizoweza kuzisoma mwenyewe. Hapa Payakumbuh, kisiwani Sumatra, mwanamume kuondoka si ajabu, wote huondoka. Ila yeye aliondoka na siri za watu. Riwaya yake ya kwanza ilimsimulia mjomba wake aliyeuza mashamba ya mpunga ya ukoo kwa kificho. Jina alilibadilisha, lakini hakuna aliyedanganyika. Tangu siku hiyo, akipita mahali mazungumzo hukatika. Hata mama yake alipofariki hakuja kumzika.

Sasa alikuwa amerudi kuandika juu ya huyo mama, katika nyumba ile ile, ambayo ilikuwa ya dada yake mkubwa, Uni Nidar, kama dada mkubwa anavyoitwa huko. Kwao nyumba ni ya wanawake. Mwanamume ni mgeni kwa dada yake na mgeni vilevile kwa mkewe. Kwa hiyo wageni walikuwa wawili: yeye, na Bustami, mume wa Nidar, karani wa posta mstaafu.

Kwa Zulbahri, hapo hapakuwa na fumbo. Mtu aliyeshika barua za watu miaka thelathini, vidole vyake vitaacha lini kuwasha? Na kila alasiri Bustami hucheza domino na Datuk, mkuu wa ukoo, aliyeapa kwamba kitabu kingine cha aibu hakitatoka.

Jumatano, wakiwa wamekaa mkekani wanakula, akashindwa kujizuia.

"Shemeji, posta si ulistaafu?"

"Mwaka wa sita huu."

"Mbona basi bado unafungua vya watu?"

Tonge la Bustami likaishia njiani. "Unasemaje?"

"Karatasi zangu. Unazisoma, kisha unampelekea Datuk."

"Zul!" Uni Nidar akamkemea. "Heshimu chakula."

Bustami akanawa vidole kwenye bakuli, kimoja kimoja. "Barua zako za miaka thelathini zilipita mikononi mwangu. Hata ile uliyoandika kwamba kichwa changu ni nazi. Hiyo alinisomea dada yako, akicheka mpaka akalia. Mimi sikufungua hata moja." Akasimama. "Lakini kaka wa mke wangu akiniita mwizi, chakula cha nyumba hii hakinipiti kooni."

Akafunga nguo zake kwenye sarongi, kikoi chake, akaenda kwa dada yake ng'ambo ya mto.

Mume kuondoka hivyo si jambo dogo. Alhamisi majirani walikuja kununua rendang, nyama ya tui ambayo Nidar hupika kuuza, nyingi kuliko walivyoweza kuila, wapate tu kumtazama usoni. Yeye aliwapimia nyama, akahesabu pesa.

Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, Zulbahri alilaza uzi mweupe juu ya rundo. Aliporudi, uzi ulikuwa sakafuni.

Bustami hayumo nyumbani siku ya pili sasa!

Akafunua karatasi moja baada ya nyingine. Katika ukurasa wa arobaini aliandika: *Mama aliliita jina langu mara tatu, kisha akanyamaza.* Mstari huo ulikuwa umekatwa kwa penseli, na chini yake kwa herufi za kulala, zile zile za madaftari ya dada yake enzi za shule: *Hakuita jina. Aliomba maji.*

Akaenda jikoni. Nidar alikuwa anakoroga tui.

"Uni ulisema hujawahi kusoma vitabu vyangu."

"Vyote tisa nimesoma," alisema bila kugeuka. "Ningekwambia, ungeanza kunitazama kama unavyowatazama watu wote."

"Na mumeo ulimwacha aondoke?"

Mwiko ukasimama. "Niliona haya, Zul. Tena niliogopa utafunga sanduku lako uende zako kabla sijafika mwisho."

Zulbahri akauliza, "Mama hakunitaja kabisa?"

"Siku ile, hapana. Nilimpa maji, akalalamika ni ya moto. Basi. Siku nyingine alikutaja mpaka tukachoka. Alikuwa akisema, 'Zul kamwandika kaka yangu mwizi kurasa mia, mimi niliyemzaa hata mstari hamna!'"

Zulbahri akacheka, na katikati ya kicheko sauti ikamgeuka. Akakaa kizingitini, uso mikononi. Nidar akaendelea kukoroga. Rendang haingoji mtu.

Alasiri alivuka mto. Bustami alikuwa kibandani, mbele ya nyumba ya dada yake, na Datuk, wanakunywa maji ya majani ya kahawa kwenye vifuu, domino katikati yao.

"Shemeji, nimekukosea," alisema, Datuk akisikia. "Nimejua si wewe."

"Mimi nilijua tangu Jumatatu ni nani," Bustami akajibu, macho kwenye domino. "Penseli ni yangu. Iliniondoka mfukoni."

"Na hukusema?"

"Nimseme mke wangu mbele ya kaka yake? Wewe ulikaa nchi gani wanakofanya hivyo?"

Datuk akakohoa. "Na mimi nimo humo kitabuni?"

"Umo, Datuk."

"Kwa ubaya?"

"Bado sijaamua."

Mzee akatupa domino yake kwa kishindo.

Mchezo ulipokwisha, Bustami aliingia kwa dada yake akatoka na furushi. Zulbahri akalipokea, akaliweka kichwani kama mchukuzi, akamfuata shemeji yake nyuma, hatua tatu, darajani na barabara nzima ya soko, ili kila aliyenunua nyama Alhamisi apate kuona.