Kuhe wa Miguu Minne

Mzee Pazi hakuwa na ugomvi na mtu, ila na redio yake. Kila baada ya alasiri alikaa barazani kwake Ujiji, akazungusha kitufe cha ile redio ya mbao, akasikiliza kimya chake, akazungusha tena. Jina la binti yake lilikuwa limemtoka tangu mfungo uliopita. Redio alikuwa bado anaikumbuka, na jambo hilo lilimuuma Nasma kuliko alivyotaka kukubali.

Nasma mwenyewe alikuwa fundi simu, ana kibanda chake Rusimbi, na kwa simu hakuwa na mpinzani mtaa mzima. Lakini redio hii, aliyoibeba hadi kibandani kuitengeneza, ilimtoa jasho siku nne. Wala si kwa uzee wake. Lawama zote zilikuwa za Mzee Pazi na wivu wake wa kazi. Zamani, alipokuwa fundi redio, mwanafunzi wake mmoja alimtoroka na daftari la michoro, akaenda kufungua duka mtaa wa pili. Tangu hapo mzee hakufundisha mtu, hata mwanawe aliyekuwa akichungulia mlangoni kila akitoka shule. Akasugua namba za kila transista kwa msasa, na kwenye michoro yake akaandika majina ya samaki. Basi ule mchoro uliobandikwa ndani ya mfuniko wa redio ulikuwa kama ndoo ya muuza samaki: dagaa wawili, migebuka watatu, kuhe mmoja.

Dagaa na migebuka Nasma aliwajua kwa kuwapima na mita, mmoja mmoja, na wote walikuwa wazima. Kuhe ndiye aliyekaa pale mawimbi yanapoingilia, na mita ilishindwa kumwelewa. Viguu vyake vilijificha chini ya kibao. Nasma aliogopa kung'oa kitu asichokijua, maana akikiunguza hakuna duka Kigoma nzima litakalompa kingine.

Siku ya tano akapiga goti mbele ya baba yake.

"Shikamoo, baba. Kuhe ni transista gani?"

Mzee alimtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni. "Marahaba. Kuhe ana miguu minne."

Shangazi Mwanvua, aliyekuwa akichambua mchele pembeni, akatikisa kichwa. "Umeona? Tangu Ijumaa samaki wake wana miguu. Mwache tu, mama. Akili imeshakwenda."

Nasma alirudi kibandani akilia waziwazi, bila kujali wapita njia. Kwake haikuwa tena habari ya redio. Alitaka kujua kama ndani ya baba yake bado kuna mtu.

Alipokwisha kulia, akautazama mchoro. Transista zote alizowahi kushika zilikuwa na miguu mitatu. Lakini kwenye kuhe palikuwa na mstari wa nne, mwembamba, uliotoka kwenye duara lenyewe, na siku zote alidhani ni penseli iliyoteleza. Akashika simu, akatafuta transista za kizamani zenye miguu minne. Picha ikaja: kopo dogo refu la bati, AF117, lililoacha kutengenezwa kabla yeye hajazaliwa. Akalinganisha na lile lililosimama kwenye kibao. Ndilo.

Akaikumbatia redio hadi Ujiji.

"Baba, nimempata kuhe. Mguu wa nne ni wa nini?"

Safari hii mzee alisogeza kiti. "Wa ganda, hilo kopo lenyewe. Akizeeka anaota ndevu ndani ya kopo, nyembamba hata huzioni. Zikigusa ganda, basi, mawimbi yanapotelea kwenye mguu huo, anakuwa bubu. Usimtoe. Kata huo mguu tu."

Nasma akaukata palepale barazani, akarudisha betri, akazungusha kitufe. Ikaja mikwaruzo, ukaja mluzi, kisha mtu akawa anasoma habari kwa Kifaransa kutoka huko mbali. Shangazi Mwanvua aliweka ungo chini.

Mzee Pazi hakuitazama redio. Alitazama mikono ya Nasma.

"Wewe binti unafaa," alisema. "Kesho njoo, nikuonyeshe na wengine. Ila majina haya ni siri ya kazi. Usimwambie mtu."

"Hata Nasma?"

Mzee aligeukia mlango.

"Nasma mwambie. Alikuwa akisimama pale mlangoni kila akitoka shule, na mimi sikumwita ndani."