Diski ya Tano

Nilimwonea wifi yangu wivu, na naanza na hilo ili msije mkadhani nina la kujitetea.

Mimi ndiye niliyempeleka pale kazini. Mume wangu aliniomba nimtafutie mdogo wake nafasi, nikaenda kwa Mzee Wino, mwenye kiwanda chetu cha kuchapa vitabu vya shule, nikambembeleza siku tatu mfululizo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi mwenyeji sikupona. Haikupita miezi miwili, Mzee Wino akiingia asubuhi anaanza kumsalimia yeye, kisha ndipo ananikumbuka mimi. Mume wangu naye hakuchoka kunipigia ngoma ile ile, kwamba mdogo wake ana akili, mdogo wake ana mkono mwepesi. Nilikuwa nikiitikia "kweli" huku roho inaniuma.

Kitu kimoja tu ndicho alichokuwa hajaninyang'anya, nacho ni namba.

Kompyuta tunayopangia kurasa ni ya zamani, ya enzi za skazi, ule mtindo wa kale wa kuunganisha diski. Diski zake zote zinaning'inia kwenye waya mmoja bapa, kama nguo kwenye kamba, na kila diski lazima iwe na namba yake, kuanzia sifuri hadi saba. Saba ni ya kompyuta yenyewe. Namba unaiweka kwa vikofia vidogo kama punje za mchele, unavichomeka kwenye pini za nyuma. Diski mbili zikiwa na namba ileile, zinaitika kwa pamoja, kompyuta inachanganyikiwa na kuganda. Zetu zilikuwa nne, zimefungiwa ndani ya boksi la bati, na hakuna aliyewahi kuandika namba zake popote. Nilizishika kichwani miaka kumi na moja. Yeyote aliyetaka kuugusa waya ule aliambiwa, "Kamuulize Mama Namba." Jina hilo nililipenda kuliko nililopewa na baba yangu.

Jumanne moja Mzee Wino akaja na diski ya tano, maana vitabu vya muhula mpya havikuwa na pa kukaa. Nikanyoosha mkono kuipokea. Akanipita, akampa wifi.

"Mwache naye ajaribu," akaniambia. "Wewe mwelekeze tu."

Wifi akakaa na bisibisi yake, diski mapajani. "Wifi, namba gani iko wazi?"

Wazi zilikuwa tatu, nne na sita. Nilizijua kama ninavyowajua wanangu.

"Tano," nikasema.

Tano ilikuwa na mwenyewe, ile diski ya picha niliyoifunga kwa mikono yangu. Nilijiambia hakuna kitakachoharibika. Kompyuta itaganda, watu watakusanyika, Mzee Wino atakuna kichwa, kisha ataniita. Nilitaka kuitwa, basi.

Wifi akapanga vikofia vyake kwenye tano. Nikasubiri achomeke waya. Badala yake akalivuta lile boksi la bati, akaanza kulegeza skrubu.

"Unatafuta nini humo?"

"Natazama tu."

"Si nimeshakwambia?"

"Umeniambia, wifi. Ila mwalimu wetu alituzoesha, kabla hujachomeka, ona kwa macho yako." Hakuwa na kejeli hata chembe, na hilo ndilo lililonikera zaidi.

Akamulika kwa simu, diski moja baada ya nyingine. Ile ya mwisho, ya picha, akaikodolea muda mrefu. Kisha akanigeukia mimi, na nikajua kwamba amejua. Mtu hasahau diski aliyoifunga kwa mikono yake mwenyewe.

"Vipi huko?" Mzee Wino akauliza kutoka mlangoni.

"Tano imeshachukuliwa."

"Sasa hiyo tano umeambiwa na nani?"

Wifi akainama, akawa anachezea kikofia kwenye kucha. Jibu aliniachia mimi.

Niseme nini? Kwamba nilimtega makusudi, mdogo wa mume wangu, niliyemleta mwenyewe? 

"Ni mimi," nikasema. "Nimesahau."

Kama Mzee Wino angefoka, ningevumilia. Alinihurumia. "Umri huo, mama. Sote tuko njiani." Kisha akamwambia wifi aandike namba kwenye vikaratasi, abandike kila diski na yake, ili watu wasiendelee kunichosha kwa maswali.

Akaandika kwa mwandiko mzuri, wa kusomeka hata kwa mbali. Diski mpya akaipa tatu, akaiweka katikati ya waya, kile kizibo kinachofunga ncha ya waya akakiacha mahali pake. Kompyuta ilipowaka, zote tano zikajitokeza kwenye kioo. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Jioni wifi alikuja kula kwetu. Hakunitaja kwa ubaya. Alinisaidia kupakua, akamwagia kaka yake maji ya kunawa, akakaa. Ni mume wangu aliyeanza.

"Mzee Wino kanipigia simu," akasema. "Anasema nikupumzishe kidogo. Ni kweli siku hizi unasahau?"

Wifi akaacha kula, akanitazama, akingoja kusikia nitasema nini.

"Kweli," nikasema. "Nasahau sana."