Kura ya Kisima

Machi 2014, saa tatu asubuhi. Kompyuta ya Widad, katika ofisi ya maji ya Tibirinzi, Pemba, haikuonyesha jibu hata moja kutoka Makangale. Swali alilolituma jana lilifika katika simu zote: "Piga kura. Pampu ifungwe kwenye kisima kipi, 1 cha Juu au 2 cha Bondeni?" Pampu ilikuwa moja. Wanakijiji wasipokubaliana kufikia Ijumaa, ingepelekwa shehia nyingine.

Widad ndiye aliyeutengeneza mfumo huo wa kura za simu. Makangale ni kwao mama yake. Utotoni alichota maji Bondeni pamoja na watoto wa Juu, na wanawake walisafisha visima vyote viwili kwa pamoja. Baada ya uchaguzi wa 1995 kila chama kilibaki na kisima chake.

Alimpigia mama yake mkubwa, Bi Mwatum, anayekaa Bondeni.

"Ujumbe umeuona, mama?"

"Nimeuona. Kura tena? Ile ya kwanza ilinitenga na Moza, shoga yangu. Hii yako itanitenga na nani, mume?"

"Ni kisima tu."

"Kisimani ndiko tulikoanzia kununiana, mwanangu."

Widad alikumbuka asubuhi za usafi. Hakuna aliyehesabu mikono. Bi Mwatum alipiga hodi mlango kwa mlango, akauliza: "Mwasemaje?" Watu walisema mpaka wakachoka, ndipo kazi ikaanza.

"Mama, naomba sauti yako."

"Sauti ya nini, nisome maulidi?"

"Upige hodi."

Aliirekodi. Akaondoa namba za kuchagulia, akauweka mfumo upokee maneno ya mtu kama anavyoyasema. Baada ya sala ya adhuhuri simu za Makangale ziliita, na kila aliyepokea alisikia: "Hodi, jamaa. Ni miye Mwatum. Pampu moja, visima viwili. Mwasemaje?"

Majibu yalianza kuingia kabla ya alasiri. Wengi walitaka kwao. La Bi Moza wa Juu lilitanguliwa na kikohozi.

"Karibu, Mwatum. Umechelewa, lakini karibu. Fungeni huko kwenu. Chetu hukauka wakati wa kaskazi, jua likizidi, pampu itavuta matope. Ila tutakuja kuchota, na ndoo zetu msizitazame rangi."

Widad aliirusha sauti hiyo kwa kila simu. Hadi Ijumaa hakuna aliyepinga.

Pampu ilifungwa Bondeni wiki iliyofuata. Bi Moza alifika na ndoo mbili, moja akampa Bi Mwatum amshikie.